Kuukarabati Udi Mkongwe kwa Mkono

Udi mkongwe, ile ala ya muziki yenye nyuzi, unaoletwa kwa fundi hapa mwambao mara chache huwa umeharibiwa na mpigaji wake. Aghalabu umeharibiwa na unyevu wa bahari, na baada ya unyevu umeharibiwa tena na fundi aliyeutengeneza kwa haraka kabla yako. Nimewahi kuufungua udi nikakuta ndani yake misumari, gundi ya viatu na kipande cha mbao ya sanduku la chai, na kuvitoa hivyo kulinichukua siku nyingi kuliko kuuziba ule ufa ambao vyote vilitiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya sharti moja: usitie ndani ya udi kitu chochote ambacho fundi wa miaka hamsini ijayo hataweza kukitoa bila kuivunja mbao.

Ala yenyewe imekaa kwetu muda wa kutosha kuzeeka. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta muziki wa Misri katika kasri lake, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905 kikaufikisha muziki huo mitaani. Ndiyo maana udi wa kale bado hupatikana juu ya makabati ya nyumba za Mji Mkongwe. Ukichungulia kwa tochi kupitia tundu la sauti, huenda ukaona karatasi ya fundi imebandikwa kwenye mgongo kwa ndani, nayo isome kabla ya kugusa jambo lolote. Ikiwa ina jina la ukoo wa Nahat wa Damascus, au la Manol wa Istanbul, weka patasi chini, kwa sababu ala za mafundi hao zina thamani kubwa na karatasi za kughushi za majina yao nazo ni nyingi. Tafuta mtu anayezijua. Gambusi nayo ina kazi yake tofauti, kwa kuwa huchongwa katika gogo moja na kuwambwa ngozi, na haimo katika maelezo haya.

Ili tuelewane, nitaviita viungo vya udi kwa majina haya. Mgongo ni lile tumbo la mviringo lililoungwa kwa mbavu nyembamba za mbao. Uso ni ubao mwepesi wa mbele, wenye unene wa milimita 2 hivi au pungufu, ambao kwa kawaida ni wa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio jamaa ya msonobari. Chini ya uso zimegundishwa papi zinazokatiza upana wake na kuuzuia usibonyee. Daraja ni kile kibao kilichogundishwa juu ya uso ambacho nyuzi hufungwa humo, kizingiti ni kijipande cha mfupa mwishoni mwa shingo, na vigingi ni vile vya kukazia nyuzi, vilivyo katika kichwa kilichopindwa kwenda nyuma.

Kupima na kuchunguza

Anza kwa kupima wakati nyuzi zingali zimekazwa, ikiwa zipo. Pima urefu kutoka kizingiti hadi daraja, ambao kwa udi wa Kiarabu huwa karibu na sentimita 61 na kwa udi wa Kituruki sentimita 58.5, kisha pima shingo kutoka kizingiti hadi inapokutana na mwili. Mafundi wengi wa zamani waliifanya shingo kuwa theluthi moja ya urefu wa uzi, ili noti ya tano iangukie pale pale shingo inapokutana na mwili. Ukizidisha shingo mara tatu ukapata hesabu iliyo mbali na mahali daraja lilipo, basi kuna mtu aliyelihamisha, na hapo umekwisha kujua kwa nini mwenye udi analalamika kwamba hauimbi sawa. Pima pia kimo cha nyuzi juu ya shingo, pale pale inapokutana na mwili. Milimita 3 ni kimo kizuri, lakini kikifika 5 au zaidi, ama shingo imevutwa mbele ama uso umezama.

Baada ya hapo legeza nyuzi zote kidogo kidogo, ukienda mara upande huu mara upande ule, wala usizikate kwa mkasi zikiwa zimekazwa. Gonga uso kwa kifundo cha kidole, polepole, kutoka chini kwenda juu. Papi iliyoshika hutoa sauti nzito na fupi, na iliyoachia hutetema kama kifuniko cha sufuria. Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya daraja pande zote. Ikiingia, gundi imeachia hapo. Angalia vitundu vya wadudu watoboao mbao: kitundu cheusi kisicho na unga ni cha zamani, ila unga mweupe mpya unaodondoka juu ya gazeti ulilolitandika usiku maana yake mdudu yumo bado, na udi huo usiuweke karibu na ala nyingine. Piga picha za kila upande, hata usioona haja, kwa sababu wiki ya tatu utasahau papi ipi ilikuwa wapi.

Jambo la mwisho la uchunguzi ni kuitambua gundi iliyotumika. Weka tone la maji ya uvuguvugu juu ya gundi iliyochuruzika ndani, ungojee dakika kumi. Gundi ya ngozi hulainika, hunata kidoleni na kutoa harufu ya wanyama. Gundi nyeupe ya seremala hugeuka kuwa nyeupe zaidi na kuvutika kama mpira. Ile ya kuchanganya kutoka tyubu mbili haijali maji yako hata kidogo, na ukiikuta kwenye maungio makuu ujue kazi itakuwa ndefu.

Gundi ya ngozi

Gundi inayostahili kutumiwa katika udi ni ile iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Wengi wanaiona ya kizamani, lakini sifa yake kubwa ni hiyo hiyo wanayoilaumu, kwamba joto na unyevu huiachisha. Fundi ajaye ataweza kuifungua kazi yako kama unavyoifungua ya aliyekutangulia. Tena gundi mpya ya ngozi huiyeyusha na kuishika ile ya zamani, ambapo gundi nyeupe haishiki kabisa juu ya mabaki yake mwenyewe. Ikiwa huipati madukani, jelatini isiyo na sukari wala rangi, inayouzwa kwa waokaji, ni ya jamii hiyo hiyo na hufanya kazi vizuri. Uliza tu imetokana na mnyama gani, kwa sababu wenye ala wengi wa huku watataka kujua.

Loweka chembe za gundi katika maji baridi, kipimo 1 cha gundi kwa vipimo 2 vya maji kwa uzito, kwa saa kadhaa mpaka zivimbe na kuwa kama uji ulioganda. Kisha weka kikopo chake ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala usikiweke juu ya jiko moja kwa moja, na utumie kipimajoto kuhakikisha gundi inakaa kati ya sentigredi 60 na 63. Gundi iliyochemka hupoteza nguvu, na huwezi kuitambua kwa macho. Iko tayari ikiwa inashuka kutoka kwenye burashi kama uzi usiokatika; ikidondoka kwa matone ni nyepesi, na ikiganda njiani ni nzito. Tengeneza kidogo tu, kwa kuwa kwa joto letu huoza baada ya siku moja au mbili, na inayobaki uitie kwenye jokofu.

Gundi hii hushika inapopoa, na muda ulio nao kabla haijaganda ni kama dakika moja. Pasha moto vipande vyote viwili kwa kikaushia nywele kabla ya kuipaka, na ufanye jaribio la kubana bila gundi mara mbili au tatu, ili mikono ijue njia. Hapa hali ya hewa ya pwani ina faida na hasara: joto hukuongezea sekunde chache, lakini unyevu huchelewesha kukauka, kwa hiyo pale ambapo vitabu vya nchi za baridi vinasema subiri usiku mmoja, mimi husubiri siku mbili. Kazi ya kuufunga uso naifanya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, wala siifanyi wakati wa masika, kwa sababu ubao wa sprusi hutanuka kwa upana unapofyonza unyevu. Uso ukigundishwa ukiwa umetanuka, ukija kunywea wakati wa kiangazi hauna pa kwenda, nao hupasuka.

Kuufungua uso

Usiufungue uso ikiwa unaweza kuifikia papi iliyoachia kwa kidole, au kwa kijiti kilichopindwa, kupitia tundu kubwa la sauti. Kufungua ni operesheni, na kila operesheni ina hatari yake. Lakini papi mbili au tatu zikiwa zimeachia, au uso ukiwa umezama sana mbele ya daraja, hakuna njia nyingine.

Kwanza chora umbo la mzunguko wa uso juu ya ubao wa plaiwudi na ulikate, upate fremu ya kuushika mgongo, kwa maana mgongo usio na uso hulegea na kubadilika umbo, na watu wengi hugundua hilo siku ya kufunga, wanapokuta uso umepungukiwa milimita 4 upande mmoja. Toa ukanda wa pembeni kwa kisu cha moto na uuhifadhi umenyooka kati ya vibao viwili. Kisha chukua kisu cha meza chembamba kisicho na makali, kichovye katika maji ya moto, kifute, na ukipenyeze kwenye ungio upande wa chini, mbali na shingo. Pale kinapokataa, tia tone moja la spiriti kwa bomba la sindano, kwa kuwa spiriti hunyonya maji ya gundi na kuifanya ikatike kwa mlio mdogo. Angalia tu isimwagikie vanishi ya mgongo. Sikiliza zaidi ya unavyotazama. Mlio mkavu ni gundi inayoachia, ilhali mlio wa kuchanika ni mbao, na ukiusikia huo simama, uende kuanzia upande wa pili. Kazi hii ikikuchukua saa tatu hujachelewa.

Uso ukishatoka, futa vumbi la ndani kwa burashi laini, bila maji, ukiiepuka ile karatasi ya fundi. Papi zilizoachia zisafishwe gundi ya zamani kwa kitambaa cha uvuguvugu na patasi butu, zirudishwe mahali pake pale pale, wala zisichongwe kuwa nyembamba ili eti sauti iwe nzito. Aliyezitengeneza alizipima kwa sikio lake, na huna haki ya kumsahihisha. Kuzibana, vibano vya chuma ni vizito mno kwa ubao wa milimita 2. Tumia fito za mianzi zilizokatwa ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo kati ya meza na rafu iliyo juu yake, uzipinde na kuziegemeza juu ya papi, nazo zitasukuma sawasawa kama vidole.

Nyufa za uso hutaka uvumilivu kuliko ustadi. Ufa mwembamba unaofunga wenyewe ukiubana kwa vidole, uupake gundi nyepesi, uuchezeshe juu na chini mpaka gundi itokee upande wa pili, kisha uubane na kuubandikia kwa ndani vijibao vya sprusi vyenye unene wa milimita 1 na upana wa sentimita 1, mishipa ya mbao ikiukatiza ufa. Ufa mpana usiofunga haulazimishwi kufunga. Unachongewa kibanzi cha sprusi ya kale chenye umbo la kabari na kupachikwa, na usithubutu kuuziba kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi, kwani unga hauna mishipa na hautetemi. Swali ni wapi pa kuipata sprusi ya kale katika nchi isiyoiotesha. Jibu langu ni piano mbovu. Ubao wa sauti wa piano ni wa sprusi hiyo hiyo, na kipande kimoja kutoka piano iliyoliwa na mchwa sehemu za chini kinaweza kukutosha miaka kumi.

Mbavu za mgongo zilizoachana zibandikwe kwa gundi na kushikiliwa kwa ndani kwa vipande vyembamba vya kitambaa cha kitani au karatasi nzito. Ubavu uliovunjika na kupotea ubadilishwe kwa mbao ya aina ile ile ikiwezekana. Mgongo wa mti wa jozi haupendezi ukitiwa mninga katikati, ingawa mninga ni mbao nzuri kwa yenyewe. Kabla ya kuufunga uso, andika kwa penseli upande wa ndani tarehe na kazi uliyoifanya.

Daraja na vigingi

Udi una nyuzi 11, jozi tano na mmoja peke yake, na kila uzi huvuta kwa uzito wa kilo 3 hadi 4, hivyo daraja linabeba kilo 40 hivi kwa gundi tupu. Udi wa kwanza nilioutengeneza nilililaza daraja kwa gundi nyeupe, nikajipongeza. Mzee aliyekuwa akinifundisha aliutazama, akaniuliza, "Mwanangu, na likiinuka tena?" Liliinuka kweli baada ya masika mawili, na safari hiyo liling'oka na ukoko wa uso.

Ili kulitoa daraja lililoachia nusu, lipashe moto kwa kitambaa chenye maji ya moto kwa dakika chache, kisha upitishe kisu butu ukifuata mishipa ya uso. Sawazisha chini ya daraja kwa msasa uliolazwa juu ya uso wenyewe ukiwa umefunikwa, ili lifuate umbo la ubao, kwa sababu uso wa udi mkongwe haunyooki kama meza. Lirudishe kwa kipimo ulichokiandika, ama kwa hesabu ya theluthi ikiwa lilikuwa limehamishwa, na ulibane kwa fito. Usitie skurubu wala msumari wa mbao. Subiri siku tatu kabla ya kufunga uzi hata mmoja.

Vigingi vinavyoteleza kwa kawaida havihitaji kubadilishwa. Vizungushe katika tundu lake ukiwa umevipaka chaki, ukivitoa utaona vinapogusa na visipogusa, na hapo upunguze palipoinuka kwa tupa laini mpaka kigingi kiguse pande zote mbili za kichwa. Baada ya hapo paka sabuni kavu kidogo ili kizunguke, na chaki kidogo ili kishike. Kigingi kilichovunjika kichongwe kwa mpingo, ambao ni mgumu, mzito na hauchakai upesi. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi la mpingo huwasha pua na ngozi. Tundu lililopanuka kupita kiasi huzibwa kwa mbao na kutobolewa upya, kazi ambayo ningeiacha kwa mtu mwenye kifaa cha kutobolea kwa mshazari.

Kusafisha na kupaka rangi

Uso wa udi kwa kawaida hauna vanishi, au una kidogo sana, na anayeupaka vanishi ya milango huufunga mdomo. Usafishe kwa pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa, eneo dogo dogo, ukifuata mishipa ya mbao, na uache alama za miaka ya risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, palipo chini ya matundu. Mate nayo husafisha vizuri kuliko sabuni nyingi, japo si jambo la kumwonyesha mwenye udi. Kibao cha kuukingia uso dhidi ya risha kikiwa cha ng'amba, kibakishe kama kilivyo; kikivunjika kiunge, kwa sababu biashara ya kimataifa ya magamba ya ng'amba imekatazwa, na pembe ya ng'ombe inatosha kwa kipande kipya.

Mgongo upakwe sheleki, vanishi ya asili inayotokana na wadudu, iliyoyeyushwa katika spiriti, kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa kama kidonge na kutiwa tone la mafuta, matabaka mengi membamba kwa mizunguko midogo. Sheleki hutoka kwa spiriti wakati wowote, jambo ambalo vanishi ya gari haiwezi.

Nyuzi, na kungojea

Funga nyuzi za nailoni kwa zile nyembamba na zilizovingirishwa waya kwa zile nene, na kamwe usifunge nyuzi za chuma za gitaa, ambazo huvuta kuliko uwezo wa daraja. Siku ya kwanza ziache chini ya kiwango kwa toni mbili nzima, siku ya tatu toni moja, na mwisho wa wiki uzifikishe mahali pake, ambapo mpangilio mmoja unaotumiwa sana katika nchi za Kiarabu ni do, fa, la, re, sol, do kutoka uzi mnene. Uso utazama kidogo mbele ya daraja na kuinuka kidogo nyuma yake. Hilo ni la kawaida.

Kila siku pima kile kimo cha nyuzi na upenyeze karatasi chini ya daraja. Kimo kikiongezeka kwa nusu milimita kisha kikatulia, usihangaike. Kikiendelea kupanda, legeza nyuzi siku hiyo hiyo na utafute papi isiyoshika. Udi ukimaliza wiki mbili umetulia, mrudishie mwenyewe pamoja na vigingi vya zamani, vibanzi na kila kipande ulichokitoa, vyote vikiwa ndani ya mfuko ulioandikwa vilikotoka.